Kuanza Kuwinda Aligeta Florida: Kamba Kwanza, Bunduki Iache Dukani

Swali la msomaji: "Huu ni mwaka wangu wa tatu hapa Tampa, na nina kadi ya ukaazi wa kudumu. Nilikulia Ukerewe katika nyumba ya wavuvi, kwa hiyo maji ya usiku siyaogopi. Wenzangu kazini huwinda aligeta kila Agosti na wananihimiza nijiunge nao. Nimekwisha kuchagua bunduki dukani, ila kabla sijalipa nimeona niulize: nianzie wapi, niandae fedha kiasi gani, na je, kukulia jirani na mamba wa Ziwa Victoria kutanifaa chochote?"

Jibu la mtaalamu:

Ndugu yangu, bunduki hiyo iache dukani. Katika programu ya umma ya kuwinda aligeta, yule jamaa wa mamba anayeishi Marekani, jimboni Florida hairuhusiwi kumpiga risasi mnyama anayeogelea akiwa huru, hata akiwa hatua chache tu kutoka kwenye mashua. Sheria inataka kwanza anaswe kwa kamba ya kumzuia, iliyoungana naye kwa chusa, ndoana, mshale au kitanzi, kisha avutwe mpaka ubavuni mwa chombo akiwa hai. Hapo ndipo anapouawa, na hata hapo bunduki ya kawaida, iwe ndefu au bastola, haihusiki. Ukilitafakari sharti hili utaona kwamba halikuwekwa kwa ajili ya kusumbua watu. Aligeta aliyepigwa risasi huzama, na katika maji meusi yenye magugu mwindaji anaweza asimpate tena, kwa hiyo mnyama amekufa bure. Isitoshe, risasi inayogonga uso wa maji kwa pembe ndogo huruka na kuendelea na safari yake, na usiku wa msimu ziwa moja huwa na mashua nyingine ambazo wewe huzioni.

Karibu kila jambo nitakalokueleza linatokana na sharti hilo la kamba. Kazi ya mwindaji wa aligeta ni kumfikia mnyama bila kumshtua, kumwekea kamba ya kwanza, kumwongezea ya pili, na kumchosha bila yeye mwenyewe kunaswa na kamba zake. Kuua ni tendo la sekunde chache mwishoni. Kwa mtu aliyelelewa kwenye mtumbwi hiyo ni habari njema, kwa sababu mikono yako inajua tayari mambo ambayo mwindaji wa nchi kavu hulazimika kuyajifunza upya: kusimama ndani ya chombo kinachoyumba, kupima mvuto wa uzi kwa vidole, na kutupa kitu gizani kikaangukia pale ulipokusudia.

Kuhusu mamba wa kwenu, uzoefu wako utakufaa nusu tu. Mamba wa Mto Nile, ambaye ndiye anayepatikana Ziwa Victoria, Rufiji na Ruvuma, humhesabu binadamu kuwa windo, na mtoto wa ukingoni hulijua hilo kabla hajajua kuogelea. Aligeta kwa kawaida humkwepa mtu mzima, isipokuwa yule aliyezoeshwa kulishwa na watu, jambo ambalo ni kosa kisheria Florida, au jike anayelinda kiota chake. Upole huo ndio unaowaponza wanaoanza. Mnyama aliyekuwa akielea kwa utulivu akikuangalia hugeuka kabisa anapohisi chuma mwilini: hujizungusha mara nyingi mfululizo, hupiga mkia, na hung'ata chochote kilicho mbele yake, pamoja na ukingo wa mashua. Kwa hiyo ile hofu ya Ukerewe ije nayo, lakini ihifadhi kwa ajili ya dakika zinazofuata baada ya kumnasa.

Jifunze pia kuwatofautisha kwa macho. Aligeta ana pua pana iliyoviringana, rangi yake inakaribia nyeusi, na akifumba kinywa meno ya taya la chini hufichika. Kusini mwa Florida, hasa kwenye maji ya chumvi na yale ya mchanganyiko, anaishi pia mamba wa Marekani, mwenye pua nyembamba na rangi ya kijivu inayoelekea kijani, na jino lake la nne la taya la chini huonekana nje hata akiwa amefumba kinywa. Huyo analindwa na sheria za jimbo na za shirikisho, na idadi yake ni ndogo mno ikilinganishwa na aligeta. Kumchoma chusa mamba badala ya aligeta ni kosa zito ambalo halifutwi na maneno ya "nilidhani".

Inafaa ujue ni kwa nini uwindaji huu umeruhusiwa, kwa kuwa wenyeji watakuuliza na wengine watakupinga. Aligeta aliwindwa kwa ajili ya ngozi mpaka akakaribia kwisha katika sehemu nyingi. Louisiana ilifunga uwindaji wake mwaka 1962, na mwaka 1967 serikali ya shirikisho ikamwingiza kwenye orodha ya wanyama walio hatarini. Aliongezeka upya kwa kasi. Louisiana ilifungua msimu mdogo katika wilaya yake moja, Cameron Parish, mwaka 1972, na mwaka 1987 serikali ya shirikisho ikatangaza kwamba aligeta amerejea katika hali nzuri. Florida ilianzisha programu yake ya umma mwaka 1988, na leo jimbo hilo linakadiria kuwa na aligeta wapatao milioni 1.3, katika kaunti zote 67. Hata hivyo bado anaendelea kuorodheshwa kwa sababu anafanana na aina nyingine zilizo hatarini, na biashara ya ngozi yake inasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES. Ndiyo sababu kila aligeta anayeuawa kihalali hufungwa lakiri ya plastiki yenye namba, inayojifunga yenyewe na isiyofunguka bila kukatwa. Tafadhali iheshimu lakiri hiyo kuliko kifaa chochote ulicho nacho, kwa kuwa mzoga usio nayo ni ushahidi wa kosa la jinai, na mkaazi ambaye si raia ana sababu za ziada za kutotaka kesi ya jinai.

Sasa tuje kwenye kibali. Msimamizi ni Tume ya Samaki na Wanyamapori ya Florida, inayojulikana kwa kifupi kama FWC. Vibali vya kuwinda maziwani na mitoni hutolewa kwa bahati nasibu: maombi ya awamu ya kwanza hupokelewa kwa kawaida mwezi Mei, mwombaji awe na umri wa miaka 18 ifikapo Agosti 15, na maombi ni mengi kuliko vibali, kwa hiyo wengi hukosa. Aliyepata hupangiwa eneo mahususi na kipindi mahususi. Msimu huanza Agosti 15 na kwisha asubuhi ya Novemba 1. Wiki nne za mwanzo zimegawanywa kati ya makundi ya wawindaji ili ziwa lisijae watu, na baada ya hapo mwenye kibali huendelea katika eneo lake mpaka msimu ufungwe. Kila kibali huja na lakiri mbili, yaani aligeta wawili. Ada ambayo imezoeleka miaka hii ni dola 272 kwa mkaazi wa Florida na dola 1,022 kwa asiye mkaazi wa jimbo. Wewe uliyeyafanya Tampa makazi yako ya kudumu huenda ukahesabiwa mkaazi, ila uwe na hati za kuthibitisha anwani. Ada hubadilika, kwa hiyo hakikisha kwenye tovuti ya FWC kabla hujalipa.

Ushauri wangu, hata hivyo, ni kwamba mwaka huu usiombe kibali chako mwenyewe. Omba leseni ya wakala, ambayo gharama yake ni kama dola 52, na uende na mmoja wa wenzako hao aliyepata kibali. Leseni hiyo inakuruhusu kushiriki kikamilifu ukiwa pamoja na mwenye kibali: kushika kamba, kurusha chusa, kumvuta mnyama. Utakuwa umejifunza kwa mashua ya mtu mwingine, vifaa vya mtu mwingine na, niseme wazi, kwa makosa ya mtu mwingine. Wapo watu wanaopata kibali mwaka wao wa kwanza, wakatumia maelfu ya dola kwa mashua na vifaa, kisha wakagundua kwamba kukaa macho usiku kucha katikati ya mbu na joto si burudani yao. Wewe huenda ukapenda, lakini ni afadhali kulijua hilo kwa dola 52.

Kuna njia nyingine, ya kumlipa mwongozaji wa kibiashara, na kwa dume kubwa bei yake hufika maelfu ya dola. Sina ugomvi nayo kwa mgeni wa wiki moja. Kwa mtu anayeishi hapa na ana marafiki wenye mashua, ni kununua picha tu, kwa sababu mwongozaji hufanya kazi yote ngumu na mteja hukabidhiwa mpini dakika ya mwisho.

Vifaa vya lazima ni vichache kuliko maduka yanavyodai. Mashua ya alumini yenye urefu wa futi 14 hadi 16, yenye ubavu wa kutosha na sakafu pana, inatosha kwa maziwa mengi. Mitumbwi midogo na vyombo vya kukalia vya plastiki sivishauri kabisa kwa anayeanza. Taa ya kichwani yenye mwanga mkali, pamoja na kurunzi moja ya akiba. Ufito mzito wa kuvulia wenye uzi wa kusuka unaohimili paundi 80 au zaidi, na ndoana kubwa ya meno matatu yenye kipande cha madini ya risasi cha kuipa uzito. Chusa ambalo kichwa chake huchomoka kwenye mpini kikabaki chini ya ngozi, kikiwa kimefungwa kwenye kamba imara yenye boya mwishoni. Utepe mweusi wa mafundi umeme, glavu, kisu kikali kilichowekwa mahali ambapo kila mtu anakifikia, jaketi za kujiokoa, na barafu nyingi kuliko unavyodhani utahitaji. Ukitaka upinde au manati ya mishale ni halali pia, mradi mshale uwe umefungwa kwenye kamba. Ndoana yenye chambo iliyoachwa usiku kucha, ambayo utaiona ikitumika Louisiana, hapa hairuhusiwi. Florida inakubali tu kijiti kifupi cha mbao, chini ya inchi mbili, kilichofichwa ndani ya chambo na kufungwa kwenye kamba unayoishika mkononi, ambacho hukwama pale mnyama anapokimeza. Kwa mwaka wa kwanza ufito na chusa vinakutosha.

Tangu mwaka 2022 saa za kuwinda katika programu hiyo ni mchana na usiku, lakini walio wengi bado hupendelea usiku, kwa sababu ya macho. Nyuma ya jicho la aligeta kuna utando unaorudisha mwanga, na ukimulika kutoka usawa wa macho yako mwenyewe utaona nukta nyekundu juu ya maji kutoka mbali sana. Ndiyo maana taa hukaa kichwani, wala si mkononi. Nukta hizo hazikuambii ukubwa wa mnyama mpaka umkaribie. Ukifika jirani, kadiria umbali kati ya macho na matundu ya pua kwa inchi: kila inchi moja ni takriban futi moja ya urefu wa mwili wote. Inchi nane maana yake ni aligeta wa futi nane, karibu mita 2.4, na huyo hufikia uzito wa kilo 50 hivi. Kwa anayeanza huyo ndiye anayefaa, au mdogo zaidi. Nyama yake ni laini, watu wawili wanammudu, na makosa yako hayatageuka msiba. Kisheria kima cha chini ni inchi 18, lakini sijaona sababu ya mtu mzima kutumia lakiri yake kwa mtoto wa mnyama.

Zima injini mapema. Sogea kwa mota ndogo ya umeme au kwa upondo, taa ikiwa imetulia machoni pake bila kuchezacheza, na watu wasikanyagekanyage, kwani alumini hupeleka kila kishindo majini. Mara nyingi atazama kabla hujafika, na hapa ndipo wageni hukata tamaa na kuwasha injini kutafuta mwingine. Subiri. Aligeta aliyezama kwa kushtuka kidogo huwa haendi mbali. Hutulia chini mita chache kutoka pale alipotoweka, na mapovu humfuata. Anaweza kukaa chini dakika ishirini, akitaka hata zaidi ya saa moja, lakini mapovu yamekwisha kumsema. Tupa ndoana ng'ambo ya yale mapovu, iache ifike chini, kisha ivute polepole sana. Ukigusa gogo utaujua uzito wake mfu, usiobadilika, na uzi utabaki pale pale. Ukimgusa aligeta, utahisi kwanza uzito kama ule ule, halafu gogo lako litaanza kuondoka, bila haraka, kuelekea kwenye kina. Kaza uzi mara moja kwa nguvu, kisha mwache aende.

Usimvute kwa pupa. Ufito si wa kumtoa majini. Ni wa kukuonyesha alipo na kumchosha, na mashua ndogo itaburutwa nyuma yake bila madhara. Akija juu kuvuta pumzi, mwenye chusa awe tayari mbele ya mashua. Mlenge shingoni au ubavuni, pale ngozi ilipo laini, kwani mgongo una magamba ya mfupa na fuvu halipenyeki. Baada ya chusa kuingia una kamba mbili, na ya pili ndiyo ya kumvutia. Hapa nakuomba ukumbuke jambo moja kuliko yote: kamba haizungushwi mkononi, hata raundi moja, hata kwa sekunde moja, hata ukiwa umevaa glavu. Aligeta anapoanza kujizungusha kamba hujisokota mwilini mwake na kufupika ghafla, na mkono uliofungwa humfuata majini. Kamba inayorudi itumbukizwe kwenye ndoo, isilale sakafuni kati ya miguu ya watu. Akijizungusha, mlegezee, akitulia, mvute, na hili linaweza kurudiwa kwa muda mrefu. Ukiona watu wanapiga kelele na kusimama upande mmoja wa mashua wote kwa pamoja, wewe kaa upande wa pili.

Kuua kunafanywa kwa fimbo ya risasi, yaani mti mrefu wenye chemba ya risasi moja kichwani, ambayo hulipuka inapokandamizwa dhidi ya kitu. Ni halali tu kwa aligeta aliyekwisha kufungwa kwenye kamba. Ubongo wake ni mdogo mno na umekaa nyuma, ndani ya fuvu nene, kwa hiyo pigo la katikati ya macho, ambalo kila mgeni hulidhania, halimalizi. Mahali pake ni katikati kabisa, nyuma tu ya ukingo wa bamba la fuvu, shingo inapoanzia, fimbo ikielekezwa mbele kidogo kuelekea kwenye ubongo. Ncha iwe chini ya uso wa maji wakati wa kukandamiza, ili vipande na mlipuko vimezwe na maji. Pini ya usalama isitolewe mpaka dakika hiyo. Na hakuna mkono wa mtu mwingine uwe mbele. Kwa kuwa ni kifaa cha risasi, ndugu walioko Marekani kwa viza za muda wamwachie mwenye kibali ashike fimbo hiyo mpaka wapate ushauri wa wakili, kwani sheria ya shirikisho ya silaha ina vikwazo kwao. Mwenye ukaazi wa kudumu kama wewe hayumo katika vikwazo hivyo.

Baada ya hapo mnyama atalegea kabisa, na wengi hufurahi na kumvuta ndani. Usifanye hivyo. Aligeta aliyezimia hufanana kwa kila hali na aliyekufa, na zimo simulizi nyingi za kweli za mashua zilizogeuka uwanja wa vita nusu saa baadaye. Mvute kichwa mpaka ukingoni, fumba kinywa kwa kumshika kwa juu, kisha mzungushie utepe wa umeme mara kadhaa. Misuli ya kufumba taya ina nguvu ya kutisha, lakini ile ya kufungua ni dhaifu, na utepe unatosha. Kata uti wa mgongo nyuma ya fuvu kwa kisu, kisha ingiza waya mgumu au nondo nyembamba kwenye tundu la uti kuelekea mbele ili kuuharibu ubongo kabisa. Ni kazi isiyopendeza kuisoma, lakini ndiyo huruma anayostahili mnyama huyo, na ndiyo usalama wa watu walio ndani ya mashua. Halafu, kabla ya picha na kabla ya kupongezana, lakiri ifungwe mkiani, ndani ya inchi sita kutoka ncha. Taarifa ya mavuno hupelekwa FWC ndani ya saa 24.

Usiku wa Agosti Florida una joto la kuharibu nyama kwa saa chache. Weka mifuko ya barafu tumboni na ubavuni mara moja, na kama huna mahali pa baridi pa kumchunia, panga mapema na kiwanda kidogo cha kuchinja kilicho na leseni. Nyama bora ni ya mkia na mashavu; ile ya miguu na mgongo ni nyeusi zaidi na inahitaji moto wa muda mrefu. Ondoa mafuta yote, kwani harufu kali inayolalamikiwa na watu hutoka huko. Nawa mikono kwa sabuni mara kwa mara, maana reptilia hubeba salmonela. Binafsi naona mkia uliokatwa vipande vyembamba dhidi ya nyuzi, ukalazwa kwenye ndimu, kitunguu saumu na pilipili kisha ukakaangwa haraka, unaushinda mchuzi wowote. Kiasi kiwe cha wastani: aligeta ni mlaji wa juu katika maji yake na hukusanya zebaki, hasa wale wa vinamasi vya Everglades kusini mwa Florida, kwa hiyo wajawazito na watoto wadogo wapewe kidogo au wasipewe. Kama wewe ni Mwislamu, jua kwamba wanazuoni wengi wa madhehebu ya Shafi, wanayoyafuata Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, hawairuhusu nyama hiyo, ilhali Wamaliki wana msimamo tofauti. Muulize sheikh wako kabla ya kununua leseni, kwa kuwa kuua ili kutupa si jambo ningemshauri mtu. Kuuza nyama uliyochuna nyumbani hairuhusiwi. Ngozi nayo isiwe hesabu ya kurudisha gharama zako, kwani ngozi kubwa za porini zina makovu na soko lake limekuwa dhaifu. Ukitaka kuihifadhi kwa ajili yako, ikwangue nyama yote, isugue chumvi nyingi upande wa ndani, ikunje na uiweke baridini mpaka ifike kwa mtengenezaji.

Kuhusu mahali, ukiwa Tampa una maziwa mengi ndani ya saa mbili hivi za kuendesha gari, na Okeechobee na Kissimmee ndiyo majina utakayoyasikia zaidi. Wenzako watataja pia rekodi. Ile ya urefu ya Florida, futi 14 na inchi 3.5, ilitoka Ziwa Washington mwaka 2010. Ile ya uzito, paundi 1,043, ilitoka Ziwa Orange mwaka 1989. Mwaka 2014 familia moja ya Alabama ilimtoa mmoja wa futi 15 na inchi 9, mwenye kilo 459. Wasikie, ucheke nao, halafu urudi kwa yule wa futi saba. Jambo linaloniogopesha mimi zaidi kuliko meno ni radi: alasiri na jioni za Agosti mawingu hujengeka kwa dakika chache, na mashua ya alumini katikati ya ziwa si mahali pa kungojea yapite. Ukisikia ngurumo, rudi nchi kavu, hata kama kamba imeshapata mnyama; boya litamshikilia.

Majimbo mengine yana taratibu zao. Georgia ilifungua uwindaji wake mwaka 2003, Mississippi 2005, Alabama 2006, Arkansas 2007 na South Carolina 2008, yote kwa droo na kwa nafasi chache, na kwa mkaazi wa Florida hakuna haja ya kwenda huko mpaka umeiva. Na kwa kuwa najua swali litakalofuata: nyumbani mambo ni tofauti. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania inaruhusu uwindaji kwa leseni, lakini ni mpango mwingine kabisa, na mamba wa Mto Nile si mnyama wa kumsogelea kwa ufito. Fuvu au ngozi ya aligeta wako haiwezi kupakiwa tu kwenye begi la safari ya kwenda Mwanza. Inahitaji kibali cha CITES kutoka idara ya wanyamapori ya shirikisho ya Marekani, na uulize mamlaka za Tanzania masharti ya kuingiza kabla hujakata tiketi.

Fedha, basi, kwa mwaka wa kwanza: leseni ya wakala, taa nzuri, glavu, jaketi lako la kujiokoa, na mchango wa mafuta na barafu kwa mwenye mashua. Ukibakiwa na kitu, nunua ufito wako mwenyewe mapema, ili kabla ya Agosti ujizoeze kwenye maji yasiyo na watu. Acha dumu tupu la lita tano lielee mita ishirini kutoka ukingoni, zima taa zote isipokuwa ya kichwani, na utupe ndoana, ukiwa umekata meno yake, mpaka iwe inaanguka ng'ambo ya dumu bila kuligusa.